Nilivyostaafu Kazi ya Kupangua Krismasi

Niliripoti kazini Jumamosi ya kwanza ya Januari, saa tatu asubuhi, nikiwa na umri wa miaka kumi na minne, soksi jozi tatu na cheo cha Mshika Ngazi. Ninyi wadogo zangu mnaodhani mti wa Krismasi hujishusha wenyewe na kujikunja ndani ya boksi lake, tulieni niwasimulie. Sasa nina miaka kumi na saba na nimestaafu. Wastaafu wengine huagwa kwa keki na saa ya ukutani. Mimi sikuagwa na mtu, na nikimaliza kusimulia mtaona kwamba hata keki ningeila nikiwa nimeinamisha uso.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa Mama Mkubwa, dada yake mama. Siku za wiki alitunza wazee katika nyumba ya wazee upande wa Saint Paul. Jumamosi za Januari na Februari alikuwa fundi. Kule Tukuyu, kabla hajaja huku Minnesota, Marekani, alikuwa akipamba kumbi za harusi. Huku akagundua kazi ambayo hakuna mwingine aliyewafanyia watu wetu: kuingia nyumba ya mtu sikukuu ikishapita, kuivua Krismasi, na kuiandaa kwa baridi iliyobaki. Maana Krismasi ni ya siku moja, lakini baridi ya hapa hukaa mpaka Aprili, kama shemeji aliyekuja na godoro lake. Mti ukitoka, sebule inabaki kama kuku aliyenyonyolewa. Watu wanaitazama ile kona tupu, wanatazama theluji dirishani, wanaanza kugombana bila sababu. Ndipo walipokuwa wakimpigia simu Mama Mkubwa.

Ofisa Usafiri alikuwa binamu yangu Lusajo, mwanawe Mama Mkubwa, mwenye leseni mpya na gari ambalo mlango wake mmoja ulifunguka kwa ndani tu. Idara nzima ilikuwa watu watatu na mashine moja ya kukaushia nywele.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Champlin, kwa Injinia mmoja Mtanzania, nyumba kubwa karibu na mto. Huko ndiko nilikofundishwa hatua nne za kazi. Ya kwanza ni kupangua: kushusha mapambo, kuyapanga yale ya kioo ya mviringo kwenye trei za mayai ya kuku, na kuzungusha nyaya za taa kwenye kipande cha boksi ili Desemba ijayo mtu asije akalia machozi akizifungua. Ya pili ni kuziba. Unabandika utepe unaonata pande mbili kuzunguka fremu ya dirisha, unatandaza plastiki nyembamba juu yake, halafu unaipuliza kwa ile mashine ya nywele mpaka inajivuta na kukaza kama ngozi ya ngoma. Upepo unabaki nje, mwanga unaingia. Ya tatu ni kuvalisha: mapazia mazito, mablanketi, zulia la mlangoni la kumeza theluji ya viatu. Ya mwisho ni kuwasha kona. Pale ulipokuwa mti usiache pengo. Weka taa, weka kiti, weka hata ndoo ya maua, bora jicho likienda pale lipate kitu.

Na mwiko mmoja: hatukuleta pambo kutoka nje. Tulipanga kile alichonacho mwenye nyumba.

Siku hiyo ya kwanza nilijifanya fundi, nikasogeza mashine karibu mno, plastiki ikatoboka tundu la ukubwa wa kucha. Mama Mkubwa hakufoka. Alikuja, akapitisha kidole kwenye lile tundu, akasikiliza baridi ikipiga mluzi.

"Unaliona hili?" akaniuliza. "Injinia atalitazama hili mpaka Aprili. Yale madirisha tisa uliyoyaziba vizuri hatayaona."

"Nitabandika kipande juu yake, Mama Mkubwa."

"Bandika. Bado kitaonekana."

Tukiwa tunavaa viatu kuondoka, nikaropoka kitu kuhusu choo cha Injinia, kwamba kina mapazia mengi kuliko kanisa. Lusajo akacheka. Mama Mkubwa akanishika sikio, si kwa nguvu, kama mtu anayeshika kitasa cha mlango. "Sikiliza, Atu. Ukiingia nyumba ya mtu, macho yafanye kazi. Mdomo ukae kama mgeni."

Nilisema ndiyo, Mama Mkubwa. Ndiyo zangu za wakati ule zilikuwa bure kabisa.

Msimu wa pili nilipandishwa cheo, nikawa Mpuliza Madirisha. Kituo ninachokikumbuka zaidi ni Crystal, kwa kaka mmoja Mkenya, dereva wa malori asiye na mke, ambaye fanicha yake yote ilikuwa televisheni moja na kiti kimoja. Alitupokea akiwa amejifunga blanketi.

"Mathe, karibu. Hii keja imeboo tangu nitoe ile tree," akamwambia Mama Mkubwa. "Ifanye ikae place mtu anaishi."

"Una pazia, mwanangu?"

"Niko na bedsheet."

Mama Mkubwa alimtengenezea sebule kwa mashuka mawili, taa ya kusomea na majoho ya yule kaka ya kuhitimu chuo, aliyoyatundika ukutani mpaka mwenyewe akayatazama kama kwamba ni ya mtu mwingine. Sijui hata leo aliwezaje.

Mimi ninachokikumbuka ni gari wakati wa kurudi. Nilianza kumwigiza yule kaka: blanketi, sauti, jinsi alivyoshika kikombe. Lusajo alicheka mpaka gari likaingiza pua kwenye lundo la theluji. Na Mama Mkubwa naye, nasema kwa sababu ni kweli, alicheka mpaka akafuta macho kwa skafu, ndipo akakumbuka cheo chake. "Acha, Atu. Mtu katufungulia mlango." Lakini nilikuwa nimeshaiona ile skafu. Kwa mtoto anayependa kuchekesha, mkubwa akifuta machozi ya kicheko mara moja, imetosha kumharibu.

Sasa nafika kituo cha tatu, cha msimu wa tatu, na hapa mtaniruhusu niandike polepole.

Mama Riziki alikuwa Mkongo wa kutoka Fizi, mjane, aliyekaa kambi ya wakimbizi miaka mingi kabla ya kuletwa Minnesota. Alikunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hoteli. Yeye na binti yake Riziki, wa umri wangu, ambaye tulisimama naye sauti ya pili kwaya ya vijana, waliishi Cedar-Riverside, ghorofa ya kumi na saba, kwenye yale maghorofa marefu unayoyaona ukiwa kwenye treni. Upepo wa ghorofa ya kumi na saba si upepo wa mtaani. Ulikuwa ukiingia mpaka pazia linasalimia wageni.

Nilimwambia shikamoo. "Jambo, maman," akajibu, maana wao msichana humwita hivyo kwa upendo, hata akiwa na miaka sita. "Mwingie, mwingie, baridi inaua watu."

Tukaingia, na macho yangu yakafanya kazi. Nyumba nzima ilikuwa imevaa vitambaa vya kufuma. Migongo ya makochi, mikono ya makochi, meza, televisheni, friji, maikrowevu. Kila picha ya ukutani ilikuwa na chake. Hata kile kidude cha ukutani cha kupandishia joto kilikuwa na kikofia kidogo cha uzi, chenye kitundu katikati ili kidole kipite. Mama Mkubwa alisimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi.

"Hivi vyote umefuma mwenyewe?"

"Ni mimi. Ile ya Noeli ilikuwa na pembe nyekundu, nilishaitoa, iko mu valizi chini ya kitanda. Hii ndio ya baridi." Akamwonyesha: ukingo wa kila kitambaa ulikuwa wa buluu iliyofifia sana, karibu na kijivu. Akaelekeza kidole dirishani, chini, kwenye theluji ya kando ya reli wakati jua linapoondoka. Ilikuwa rangi ileile. Alikuwa amekaa pale dirishani akaitafuta mpaka akaipata kwenye uzi.

Mama Mkubwa akaniangalia. "Atu, leo hatuna cha kuvalisha hapa. Huyu ni fundi mwenzangu. Sisi tuzibe madirisha, tuombe chai."

Basi tukaziba. Kazi ikaisha mapema, wao wawili wakaenda jikoni, Riziki alikuwa hayupo, Lusajo alikuwa chini akilinda gari. Nikabaki peke yangu sebuleni na simu yangu yenye ufa kwenye kioo.

Nikajirekodi. Nilijifanya mwongoza watalii wa makumbusho, kwa sauti ya Mama Riziki, kwa lafudhi yake, kwa chini ili jikoni wasisikie. "Karibuni ku makumbusho. Hapa muko naona maikrowevu, alibatizwa jana. Hii friji iko bikira, musiguse." Nikapita chombo kwa chombo. Kile kikofia cha joto nikakivika kidoleni, kikainama na kusalimia kamera. Mwishoni nikachukua kitambaa kikubwa cha kochi, nikajifunika kichwani kama bibi harusi, nikalia. Video ya dakika moja na nusu. Nikaituma kwenye kundi la simu la kwaya ya vijana kabla hatujamaliza chai. Chai yenyewe niliinywa, na maandazi nikala matatu.

Mtaniuliza: hukujua Riziki yumo kwenye kundi? Ningependa kuwaambia nilisahau. Ili usahau, ni lazima kwanza uwe ulikumbuka. Mimi sikumfikiria hata kidogo.

Kesho yake Jumapili nilikuwa mtu mashuhuri. Wavulana wa besi waliniinamia nikiingia. "Mama Makumbusho, tiketi!" Nami niliwainamia. Riziki alisimama pembeni yangu, sauti ya pili, akaimba nyimbo zote bila kunigeukia. Wiki iliyofuata alihamia sauti ya kwanza, ingawa zile noti za juu hazifikii. Nilimwona akizinyanyukia kwa vidole vya miguu. Nilimtania kwa hilo pia. Mjue tu nilikuwa mtu wa namna gani.

Watoto waliwaonyesha mama zao, mama wakatumiana. Hakuna aliyenigombeza. Mama Riziki tulikutana naye mlangoni pa kanisa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili kama kawaida. "Jambo, maman." Nikajiambia hajaiona.

Baada ya majuma matatu alimpigia simu Mama Mkubwa: utepe wa dirisha moja ulikuwa umeachia, upepo umerudi. Tukaenda Jumamosi mchana. Kwenye lifti nilibeba mashine ya nywele, nikiimba.

Mlango ukafunguliwa. Nilidhani tumekosea ghorofa.

Hakukuwa na kitambaa hata kimoja. Televisheni ilikuwa wazi, friji wazi, maikrowevu imesimama uchi na mkwaruzo ubavuni ambao kumbe kitambaa kilikuwa kikiusitiri. Makochi ndiyo yaliyoniumiza. Yalikuwa ya kuokota, na sasa yalionyesha kila kitu: mafuta ya vichwa vya watu tusiowajua, mkono mmoja uliochanika ukatoa sifongo. Katikati ya kochi kulikuwa na blanketi moja la kijivu limekunjwa kwa ustadi wa mtu anayekunja mashuka kwa kazi, na juu ya meza mshumaa mmoja ndani ya glasi. Kama picha ya kwenye gazeti la matangazo ya duka.

"Mama Riziki," akasema Mama Mkubwa, "unahama?"

"Hapana. Nilipangua." Alilitumia neno letu la kazi. "Ilikuwa mingi, ile vitambaa. Batoto ya huku haiipendi. Ni bien nyumba ifanane na ya wengine."

"Nani amekuambia hawavipendi?"

Mama Riziki aligeuka kwangu. Nimelifikiria lile jicho mara nyingi, nikitafuta hasira ndani yake, kwa sababu hasira ningejua la kuifanyia, ningeitania. Haikuwepo. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anavyomuuliza fundi.

"Maman, weye njo unajua mambo ya huku. Sasa iko muzuri?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi, neno lilikuwa moja tu.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Imependeza sana."

Akatabasamu. Akashusha pumzi kama mwanafunzi aliyefaulu. Nami nikapanda ngazi nikabandika utepe, nikapuliza plastiki, ikakaza vizuri kuliko dirisha lolote nililowahi kuziba.

Ndani ya gari Mama Mkubwa hakumruhusu Lusajo kuwasha injini. "Kuna jambo," akasema. "Lusajo, kuna nini?" Lusajo akaupangusa usukani ambao haukuwa na vumbi. "Atu?"

Nikamtolea simu. Aliitazama video yote, dakika moja na nusu, simu ameiweka mbali kidogo kwa sababu ya macho yake. Nilisubiri skafu. Skafu haikusogea. Ilipoisha akairudisha mwanzo, akasikiliza tena bila kutazama.

"Hii sauti ni ya nani?"

"Ni... nilikuwa namwigiza Mama Riziki."

"Mama Riziki haongei hivi. Huyu ni mjinga mmoja umemtunga wewe, ukamvalisha nguo zake." Akanirudishia simu. "Nami ndiye niliyecheka kule Crystal. Hilo nitalibeba mimi. Hili lako lipandishe mwenyewe. Lifti ile pale."

Ghorofa kumi na saba, wadogo zangu, ni nyingi. Niliomba lifti iharibike. Lifti za pale huharibika kila wiki. Siku hiyo ilipanda kama mpya.

Riziki ndiye aliyefungua. Tukatazamana. "Unataka nini?" akauliza, kwa Kiingereza, ambacho hakuwahi kunisemesha. Nikamwambia nimekuja kwa mama yake, na kwake. Akaniacha mlangoni, akaenda kusimama dirishani, amenipa mgongo.

Mama Riziki alikuwa amekaa kwenye kochi, amekwepa ule mkono uliochanika. Nilikuwa nimepanga hotuba. Hotuba ilibaki kwenye lifti. Nikapiga magoti kwenye zulia na kusema, "Ile video ni mimi. Na leo nimekudanganya. Haijapendeza. Ilikuwa nzuri zamani. Nisamehe, Mama."

"Simama, maman, sakafu iko baridi." Akaninyanyua kwa kiwiko. "Nilishakusamehe siku ile ile. Weye mutoto."

"Basi virudishe. Nitakusaidia, nitavitandika vyote, najua kila kimoja kilipokuwa." Na ni kweli nilijua. Macho yangu yalikuwa yamefanya kazi yake.

Akatikisa kichwa taratibu. "Hapana. Kila nikiweka moja, ninasikia sauti yako inaieleza."

Hakulisema kwa kunichoma. Alinieleza tu, kama unavyomweleza mtu kwa nini huwezi kula nanasi. Kisha akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikanywa. Riziki hakugeuka.

Nilistaafu wiki hiyo. Mama Mkubwa hakunifukuza. Nilikwenda kumrudishia mashine ya nywele na yeye akaipokea, basi. Msimu huu ameenda na Lusajo peke yao, na nasikia Lusajo ametoboa madirisha mawili. Video niliifuta kwenye kundi, nikaomba radhi mbele ya kwaya, kwa Kiswahili, maana kwa Kiswahili ndiko nilikokosea. Wengine walicheka, walidhani ni mchezo mwingine. Hiyo ndiyo pensheni ya mchekeshaji: ukisema kweli, watu wanangojea mwisho wake wacheke.

Wadogo zangu mtakaoingia kazi hii, mbinu zote nimewapa hapo juu. Trei za mayai, kipande cha boksi, umbali wa mashine na plastiki. Kona msiiache tupu. Kuhusu tundu, Mama Mkubwa alikuwa sahihi: nilibandika, na bado linaonekana. Nikipanda treni kwenda shule huwa nahesabu madirisha mpaka la kumi na saba. Kutoka chini huwezi kujua ndani kumevaa nini. Unaona tu plastiki ikimetameta.

Limebaki jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Siku ile nikinywa chai, niliona kwamba kile kidude cha joto ukutani kilikuwa bado kimevaa kikofia chake cha uzi, chenye ukingo wa buluu iliyofifia. Kilikuwa kimesahauliwa, au kimeachwa kwa makusudi, sijui. Neno lilinijia mpaka kwenye meno, neno zuri kabisa, la kusifu. Nikalimeza na chai. Maana ningelisema, angeona aibu, angeinuka, angekivua.

Niliaga, nikavaa viatu, nikafunga mlango polepole. Kati ya miaka yangu yote ya kazi, hiyo ndiyo siku pekee mdomo wangu ulikaa kama mgeni.